Nani aliuweka wali wa nazi pembeni?

Wiki mbili kabla ya Idd nilialikwa chakula cha mchana katika hoteli moja ya Diani. Jina lake sitalitaja, maana nilikuwa mgeni, na mgeni mwema hatangazi kasoro za mwenyeji. Lakini karatasi ya vyakula niliyoletewa mezani ni maandishi, na maandishi yakishachapwa huwa ya wote. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka thelathini imekuwa kusoma maandishi ya watu na kuyasema. Basi msomaji uniwie radhi kwamba juma hili sihakiki riwaya wala diwani. Nahakiki menyu.

Nianze na sifa. Menyu ile ilikuwa kwa lugha mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Diani ni mahali ambapo mabango yamezoea kusemezana na Mjerumani na Mwitaliano kabla ya kumkumbuka Mdigo aliyekaa nje ya lango akiuza madafu. Mtu aliyeamua kuweka Kiswahili pale alikuwa na nia njema, na nia njema si kitu cha kudharau. Mwishoni mwa karatasi palikuwa na kichwa "Vitindamlo," na hapo nilitabasamu peke yangu. Kitindamlo ni neno zuri. Limeundwa kwa kielelezo ambacho kila mama wa Pwani anakijua: kitindamimba ni mtoto aliyefunga uzazi, kitindamlo ni kitu kinachofunga mlo. Hata asiyewahi kulisikia hulielewa mara moja. Hivyo ndivyo lugha inavyojizaa yenyewe.

Matatizo yalikuwa katikati. Chini ya kichwa "Kozi Kuu" walipangwa samaki wa kuchoma, kuku wa kupaka, kamba na ngisi. Chini ya kichwa kingine, kwa herufi ndogo zaidi, paliandikwa "Sahani za Pembeni": wali wa nazi, sima, chapati, viazi vya kukaanga, mchicha, kachumbari. Nikasoma mara ya pili. Wali wa nazi, pembeni! Pembeni mwa nini?

Nikamwita kijana aliyekuwa akituhudumia, mzaliwa wa Ukunda kwa matamshi yake, nikamuuliza sahani ya pembeni ni ipi hasa. Akainama kwa adabu akasema, "Mama, hapo ni zile zinazokuja pamoja na chakula. Kusema kweli, hata sisi twasoma upande wa Kiingereza ndipo tuuelewe upande wa Kiswahili."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonitoa ladha ya samaki wangu. Kijana wa Kwale, mwenye Kiswahili cha kunyonya titini, anahitaji Kiingereza ili afahamu jina la wali aliokula tangu utotoni. Huyo si mjinga. Aliyekosea ni mfasiri.

Wengi watasema mfasiri alitafsiri neno kwa neno, basi. Kosa hilo tumelizoea, na lingekuwa hilo tu nisingepoteza wino wa gazeti. Ukweli ni kwamba mfasiri huyu alihamisha maneno pamoja na mpangilio mzima wa mlo. Kwa mpishi wa Uingereza nyama au samaki ndiye mfalme wa sahani. Viazi, mchele na majani humzunguka kama watumishi. Ndiyo maana kwao vitu hivyo hukaa kando. Mlo wa Pwani umepangwa kinyume. Chakula ni wali, sima, muhogo, chapati, mkate wa mofa. Vingine vyote, viwe vya thamani namna gani, ni kitoweo. Mtu aliyeshiba nyama arusini na asipate wali atarudi nyumbani akwambie hajala, na hasemi uongo. Kwa lugha yake, kweli hajala.

Marehemu mama yangu, kule Msambweni, alikuwa akipakua sufuria huku akiuliza, "Na huu wali tutaulia nini?" Tazama kitenzi hicho. Kula kimekuwa kulia: kula kwa kitu, kula kwa msaada wa kitu. Ndiyo kauli ya kutendea iliyotupa mkono wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula. Katika swali la mama wali ndio uliokuwa na uhakika, na samaki ndiye aliyekuwa akitafutwa. Siku ambayo bahari ilikuwa mbaya na hapakuwa na samaki, chakula kilikuwapo, kilichokosekana ni kitoweo, na tuliula wali kwa pilipili na tukashukuru. Neno hilo, kitoweo, limebeba falsafa nzima ya jikoni. Si kitu cha pembeni, maana bila hicho sima haipiti kooni. Wala si "kozi kuu," maana chenyewe peke yake hakishibishi.

Na mambo yana undani zaidi ya hapo. Mbaazi za nazi ni kitoweo zikiwa na mahamri asubuhi ya Idd, ingawa mtu wa bara angeziweka fungu moja na maharagwe na kuziita chakula kamili. Pilau nayo imekwisha kumeza kitoweo chake ndani ya sufuria, nyama na viungo vyote, kwa hiyo haitafuti kitu cha kuliwa nacho. Inataka tu kitu cha kuichangamsha: kachumbari, achari ya maembe au ya ndimu, na ndizi mbivu ambayo wageni kutoka Nairobi huiacha kando ya sahani wakidhani imewekwa kwa makosa. Kama kuna mahali ambapo dhana ya Kiingereza inakaribiana na yetu ni hapo kwenye kachumbari ya pilau. Pengine popote inapwaya.

Mhasibu wa hoteli ataniambia bei imekaa kwa samaki, haikukaa kwa wali. Sawa. Bei ikae kwa samaki. Kichwa cha kwanza kiandikwe "Vitoweo," samaki na kuku na kamba na mchicha wapangwe hapo, kila mmoja na bei yake. Kichwa cha pili kiandikwe "Vyakula," au ukitaka kuwasaidia watu, "Wali, Sima na Mikate." Kachumbari na achari zitajwe kwa majina yake tu, hazihitaji ukoo. Mgeni atapata samaki wake kama kawaida, na yule kijana wa Ukunda atasoma upande wa kulia bila kuchungulia wa kushoto.

Nilirudi Msambweni kwa ajili ya Idd nikiwa na hasira hiyo bado, nikakuta jambo la pili limenisubiri. Mjukuu wa dada yangu, msichana wa chuo, alikuwa amepitia Ukunda akamnunulia bibi yake eafraya, kile kidude cha mviringo ambacho sasa kimejaa katika maduka yote. Ndani ya boksi palikuwa na karatasi ya maelezo, na miongoni mwa lugha zake mlikuwamo Kiswahili. Jina la chombo: "Kikaangio cha Hewa."

Nilimuuliza, "Mjukuu wangu, kikaangio cha samaki hukaanga nini?"

"Samaki, Bibi."

"Na kikaangio cha mayai?"

"Mayai."

"Na hiki?"

Akacheka hadi akakaa chini. Lakini sarufi haina mzaha. Kiunganishi hicho, kinapofuata jina la chombo cha kupikia, hutaja kinachopikwa, na msomaji wa kawaida atasoma hivyo. Kibaya zaidi, chombo chenyewe hakikaangi. Nilikichunguza. Kina waya wa moto juu na pangaboi linalosukuma hewa ya moto izunguke chakula kutoka kila upande. Hiyo kwa Kiswahili ni kuoka. Wala wazo la moto wa kutoka juu halikutushukia jana: mama zetu walipalia, yaani waliweka makaa juu ya kifuniko na makaa chini, wali ukaiva kwa moto wa pande mbili, na mkate wa sinia ukapanda na kuwa mwekundu juu bila ya kuwapo tanuri. Mwenye kutaka kukieleza chombo hiki kwa mtu wa Msambweni angesema ni kijitanuri cha umeme chenye feni, na angeeleweka. Watengenezaji waliamua kukiita kikaangio huko kwao kwa sababu za soko, watu wanapenda vya kukaanga na wanaogopa mafuta. Hiyo ni biashara yao. Mfasiri wetu hakulazimika kuurithi ujanja wao.

Nisieleweke vibaya. Mimi si katika wale wanaotaka kila kitu kipewe jina la kubuni. Friji ni friji, blenda ni blenda, na hata hiyo eafraya ikiitwa eafraya sina ugomvi nayo, kwani ndivyo wauzaji na wanunuzi wanavyoiita. Jiko letu limejaa wageni waliokwisha kuwa wenyeji. Sufuria na birika zimetoka Uarabuni, karai imetoka Bara Hindi, meza imeletwa na Mreno. Sinia, ukiifuatilia hadi kwa Waarabu, inabeba jina la Uchina. Katlesi ni Mfaransa aliyepitia Uingereza. Hakuna aliyekufa. Neno la mkopo huja na kitu chake, likakaa mahali pake kati ya maneno mengine. Tafsiri mbovu haina mahali pa kukaa. Humvuruga msemaji hata katika vitu alivyokuwa akivijua.

Ila mkopo nao una njaa yake, na hapa ndipo ninapoona hatari ambayo wataalamu wenzangu hawaizungumzii sana. Fungua ukurasa wowote wa mapishi siku hizi. Blendi kitunguu, blendi nyanya, blendi nazi, blendi pilipili, blendi tangawizi. Chombo kimoja kimekula vitenzi vyote. Zamani, nazi hukunwa. Kitunguu saumu hupondwa. Nafaka hutwangwa kinuni, husagwa ikitakiwa laini na huparazwa ikitakiwa chenga. Viazi vya katlesi huvurugwa. Mayai hupekechwa kwa kipekecho kinachozungushwa kati ya viganja viwili. Unga huchekechwa. Kila kitenzi kilikuwa na kipimo ndani yake. Ukiambiwa uparaze choroko, huhitaji mtu akuongezee "lakini zisilainike sana." Kitenzi kimekwisha kusema. Sasa mapishi yanaandikwa kwa kitenzi kimoja na msururu wa vielezi, blendi kidogo, blendi sana, blendi nusunusu, na bado chakula kinaharibika.

Sisemi haya kwa kujinasibu na kinu. Vidole vyangu vina baridi yabisi, na blenda iliyo jikoni kwangu Nairobi siiuzi kwa bei yoyote. Dada yangu pia hupeleka nazi sokoni zikakunwe kwa mashine. Chombo kinaweza kubadilika bila kitenzi kufa: mashine ya sokoni bado tunasema inakuna. Kwa nini blenda isiponde, isisage, isiparaze, kwa kadiri mtu anavyobonyeza kitufe?

Nani atawafundisha vijana vitenzi hivyo? Si shule, maana sayansi kimu hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto hutoka darasani akijua zana za jikoni kwa lugha ambayo bibi yake haitumii. Tumebaki na kamusi. Na kamusi zetu, nazisema kwa heshima kwa kuwa nimezitumia maisha yangu yote, zimepita jikoni kama mwanamume anayetafuta maji ya kunywa: ameingia, amechota, ametoka. Kuanzia ile ya Krapf ya 1882, ya Johnson na ya Sacleux za 1939, hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 na Kamusi Kuu ya 2015, majina ya vyombo mengi yamo. Mbuzi utaambiwa ni mnyama, kisha ni kifaa cha kukunia nazi. Vema. Lakini mbuzi mtu humkalia, huo ulimi wa chuma wenye meno ukiwa mbele yake, na kifuu hushikwa kwa mikono miwili na kuzungushwa ili weupe utoke bila kugusa weusi wa gome. Nilipata kumfundisha mwanafunzi wa kigeni aliyekutana na sentensi "alikuwa amekaa juu ya mbuzi" akatafsiri kwamba mama yule alikuwa amempanda mnyama. Kamusi ilikuwa mkononi mwake. Haikumwokoa, kwa sababu ilimpa jina pasipo kazi.

Hali kadhalika tui. Chicha moja hutoa tui la kwanza, zito, ambalo wengine huliita kasimile, kisha hutiwa maji na kukamuliwa tena na tena hadi libaki tui jepesi. Wali huanza kuiva kwa jepesi, zito hutiwa mwishoni. Ukibadilisha mpangilio, umeharibu wali. Utayapata maneno haya kamusini yakiwa yametawanyika kila moja kwa herufi yake. Hakuna panapokwambia kwamba ni hatua za kazi moja.

Lahaja za kwetu kusini ndizo zilizopunjika zaidi. Kikao cha Mombasa cha 1928 kiliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, jambo ambalo sitalifufua leo. Majirani zetu Wadigo walipata kamusi yao, Mgombato, mwaka 2004. Kivumba cha Wasini na Vanga, na Kichifundi cha Funzi na Bodo, tunavisoma bado kwa kiasi kikubwa katika vijitabu vya Lambert vya 1957 na 1958. Lambert alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Alisikiliza vizuri, lakini sidhani alikaribishwa sana jikoni.

Na mimi niliyekaribishwa nilifanya nini? Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanafunzi wangu mmoja, msichana kutoka pande hizi hizi za kusini, aliniandikia karatasi ya muhula kuhusu msamiati wa chakula kwao. Katika ukurasa wa tatu aliandika kwamba asubuhi watoto walikula mwiku kabla ya kwenda chuoni. Nikalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, juu yake nikaandika "kiporo," na pembeni nikaandika "si sanifu." Nilikata mengine ya namna hiyo, nikamshusha daraja. Hakuendelea na shahada ya pili. Sisemi ni kwa ajili yangu, sikumuuliza.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nikitafuta jambo jingine katika kamusi ya Johnson, jicho likaangukia pale pale. Mwiku, chakula cha jana usiku kilichobaki kikaliwa asubuhi. Kumbe limo kitabuni tangu kabla sijazaliwa. Lakini si kitabu kilichonichoma. Ni kwamba mimi mwenyewe nililelewa kwa mwiku. Mama alikuwa akiupasha moto kwenye kaango alfajiri, pamoja na ule ukoko ambao wazee wengine waliuita utandu, tukaula ndipo tukaenda shule. Nilikuwa nimelisahau neno la mama yangu kwa muda wa kutosha kumwadhibu mtoto wa mwenzake kwa kulikumbuka. Karatasi ile ninayo hadi leo. Nimeanza kumtafuta mwenyewe, nina maswali mengi ya kumuuliza, na la kwanza halihusu lugha.

Siku ya Idd tulipika. Msichana alizioka sambusa zake kwenye eafraya, na lazima niseme zilitoka nzuri, ingawa hazikuwa na ule wekundu wa karai. Dada yangu alinikuta barazani na daftari akasema, "Dada, wacha kuandika, nazi hizi hazijikuni." Siku hiyo mashine ya sokoni ilikuwa imefungwa. Nikamkalia mbuzi, vidole na maumivu yake, nikakuna nazi mbili kabla sijashindwa na msichana akachukua nafasi. Alikaa upande, akaikwaruza ile ya kwanza hadi weusi ukaingia, ya pili ikatoka safi.

Tulipofika kwenye kuchuja, dada yangu akamtuma alete kile kilichotundikwa msumarini nyuma ya mlango. Akaja nacho akikigeuzageuza, kifuko kirefu cha kusukwa, kimekauka kwa kukaa bure. Akasema vya namna hiyo ameviona Diani hotelini, ukutani, vimevishwa taa.

"Na kinaitwaje, Bibi?"

Nikamwambia kinaitwa kifumbu. Akajifuta mikono, akatoa simu aliandike neno hilo. Simu ikalibadilisha kuwa kifungu. Akalifuta, akaliandika tena.